Kamati ya Ugonjwa Usioisha

Mwaka uleule baba mdogo alipotoa Sh 500,000 kwenye harusi ya mtoto wa bosi wake, aliandika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwamba mambo yamembana, nauli ya kliniki ya mdogo wangu tuangalie kwingine. Sisemi hivi kumsengenya. Baba mdogo si mchoyo hata kidogo. Angefariki mtu kwetu usiku wa manane, kabla hakujapambazuka angekuwa ameshafika na turubai, viti na masufuria ya kupikia wageni. Shida ni kwamba mdogo wangu hafi wala haoi. Anaumwa ugonjwa wa akili, miaka inakwenda, na kwa ugonjwa wa namna hiyo sisi hatuna daftari.

Kwa mengine tuko mahiri. Hapa Moshi mtu akitangaza harusi leo, wiki ijayo kuna kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mtu wa vinywaji, mtu wa ukumbi. Kuna kadi za mchango, kuna ahadi na kuna taslimu, na kuna yule mama asiyeona haya kukupigia simu saa moja asubuhi kukukumbusha ahadi yako. Msiba nao una daftari la rambirambi, na majina husomwa. Hata mtu akipasuliwa hospitali ya KCMC, ndugu watachanga, watamletea mtori, watamwombea, na yatakwisha. Tunaweza sana mambo yenye tarehe. Ugonjwa wa mdogo wangu hauna tarehe.

Ulimwanza akiwa mwaka wa pili chuoni. Kwanza usingizi ulikata. Alikesha akiandika kwenye madaftari. Halafu akaanza kusema wahadhiri wanamtaja redioni. Halafu akazima simu kwa sababu inamsikiliza. Aliporudi likizo nyumbani Pasua alikuwa amekonda na hamtazami mtu usoni. Wengine walisema ni bangi, wengine wakasema ni wivu wa watu fulani ambao sitawataja hapa maana Desemba tunakula nao sahani moja. Baadaye ndipo nilipojua kwamba huo ndio umri wenyewe wa maradhi haya. Skizofrenia kwa wavulana huanza sana kati ya mwisho wa utineja na miaka ishirini na kitu. Kwa wasichana mara nyingi huchelewa kidogo. Bangi huongeza hatari, hasa kwa aliyeianza mapema, lakini wapo wengi wanaougua bila kuigusa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya 345 duniani anaishi na skizofrenia. Manispaa yetu ina watu zaidi ya 200,000. Piga hesabu mwenyewe. Ni mamia ya nyumba, na hapo sijagusa baipola, ile ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, wala sonona. Lakini katika matangazo yote ya kanisani niliyowahi kuyasikia, ya wagonjwa wa kuombewa, sijasikia hata moja likitaja ugonjwa huu kwa jina.

Safari ya mikesha, mafuta ya upako na mganga nitairuka. Kila familia ina ya kwake na zote zinafanana. Kilichotufaa ni kliniki, na kwa hilo mji wetu una nafuu: KCMC na Mawenzi zote ziko mwendo wa bajaji. Wapo Watanzania ambao hadi leo wakisikia hospitali ya akili wanajua jina moja tu, Mirembe ya Dodoma, tena wanalijua kama tusi.

Dawa zina mambo yake ambayo dirishani hakuna mwenye muda wa kukueleza. Haloperidoli ilimpunguzia sauti, lakini siku za mwanzo shingo ilimkakamaa ikapinda, macho yakageukia juu, na mama akaanza kuimba tenzi za msiba. Kumbe ni madhara yanayojulikana na yana dawa yake. Alipewa, akarudi sawa muda si mrefu, na tangu hapo akawa anaandikiwa pia artane, ya kuzuia hayo. Olanzapini ilimletea njaa ya ajabu na kumnenepesha. Ndiyo maana anayeitumia anatakiwa kupimwa uzito na sukari. Sasa yuko kwenye sindano, ile wanayoiita sindano ya mwezi, na hiyo peke yake ilituondolea ugomvi wa kila jioni wa "umemeza au umeficha kwenye shavu?"

Lakini jambo ambalo ningependa kila ndugu alijue ni hili la muda. Dawa hizi hazionyeshi kazi yake kwa siku moja, zinataka wiki kadhaa. Na mgonjwa akiziacha, ugonjwa haurudi kesho yake. Unaweza kupita mwezi, hata miezi. Katika miezi hiyo kila mtu anapata nafasi ya kusema, "Unaona? Dawa hazikuwa na kazi, ni maombi." Halafu unarudi, na mara nyingi unarudi na nguvu.

Kliniki yenyewe si mzigo. Ni asubuhi moja kwa mwezi. Mzigo ni siku nyingine zote. Ni kulala sikio moja likiwa mlangoni. Ni kupambanua kama leo amenyamaza kwa sababu anasikia sauti, au amenyamaza kwa sababu ni kijana wa miaka 24 asiye na kazi na hana la kuongea na dada yake. Ni kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumweleza kwamba yule kijana aliyeonekana akisema peke yake karibu na maduka si kibaka, maana kelele ya "mwizi" katika miji yetu haisubiri maelezo. Ni kufunga ofisi saa tano asubuhi kwa kuwa mama amepiga simu na sauti yake haiko sawa. Mimi nina steshenari: natoa kopi, naprinti, nabaindi ripoti za wanafunzi. Duka la namna hiyo likifungwa saa mbili tu wakati wa kukabidhi ripoti, wateja wanahamia kwa jirani na hawarudi.

Na ukichunguza nani anaifanya kazi hii utakuta mama, dada, shangazi, mara mojamoja mke. Wanaume wa ukoo wana maoni.

Steshenari ndiyo iliyonifungua kichwa. Wanafunzi wa uuguzi huniletea tasnifu zao na, ndiyo, huwa nazisoma mashine ikiwa inatoa; ukiniletea kurasa themanini usitegemee nitazame ukuta. Mmoja alikuwa ameandika kuhusu ndugu wanaouguza wagonjwa wa akili. Humo nikakutana na George Brown, mtafiti wa Uingereza, ambaye miaka ya 1950 yeye na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili kule London. Wakakuta kwamba waliorudi kuishi na wazazi au wake zao walirudishwa hospitalini zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba au kukaa kwa kaka na dada zao. Tafiti zilizofuata zikapima namna ndugu wanavyomzungumzia mgonjwa: lawama, uadui, na lile jambo la kumlinda mtu mzima hadi hapumui. Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff wakachapisha matokeo yenye hesabu ya saa ndani yake. Katika nyumba zenye hali hiyo, mgonjwa aliyekaa uso kwa uso na ndugu zake zaidi ya saa 35 kwa wiki ndiye aliyekuwa kwenye hatari kubwa ya kuugua tena. Aliyekaa nao saa chache na akaendelea na dawa alikuwa na afadhali kubwa.

Nilikasirika. Niliisoma kama vile Wazungu wanasema mama yangu ndiye anayemuumiza mwanawe. Wapo wasomi walioulalamikia utafiti huo kwa sababu hiyohiyo, na wana haki yao, maana ukali wa ndugu mara nyingi ni uchovu wa ndugu. Ila ile namba haikunitoka. Mama na mdogo wangu walikuwa wanatazamana ndani ya vyumba viwili na sebule tangu asubuhi hadi usiku, kila siku. Saa 35 walikuwa wanazimaliza Jumatano mchana. Nani angebaki na sauti ya upole kwa hesabu hiyo? Miaka yote watu walikuwa wanamwambia mama avumilie, Mungu yupo. Hakuna aliyemwambia: mama, Alhamisi nitakuja kukaa naye, wewe nenda kikoba.

Basi nikasubiri Desemba.

Asiyetujua hawezi kuelewa Desemba ya huku. Magari yanapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha usiku na mchana, kila mtu anarudi kihambani kwao, yaani kwenye shamba la ukoo mlimani, na sisi kwetu ni Uru. Baada ya Krismasi kuna kikao cha ukoo. Niliomba ajenda. Binti ambaye hajaolewa haombi ajenda mara nyingi, lakini mimi nina printa, nikachapisha nakala kwa kila mtu. Karatasi iliyopigwa chapa ina namna yake ya kuwafanya wazee wavae miwani.

Sikuomba huruma, maana huruma ilikuwepo tele na haikuwahi kununua dawa. Niliorodhesha gharama za mwezi: nauli, chakula, vocha, na zile dawa zinazokosekana. Kwa sera ya serikali wagonjwa wa akili wana msamaha wa malipo katika hospitali za umma. Ni kweli. Ila dirisha likisema "hamna", msamaha unaishia pale, na duka la dawa la nje halijui msamaha. Chini ya fedha nikaandika saa. Nani anakaa naye, siku gani, kuanzia saa ngapi. Pendekezo langu lilikuwa Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye kipato, na asiye na fedha alete saa.

Baba mkubwa alisema, "Hii ni familia, si kampuni." Mama mdogo mmoja aliuliza kama ni halali kumlipia mtu anayeweza kulima. Palizuka maneno. Aliyetuokoa, sikuamini, ni baba mdogo, yuleyule. Aliishika karatasi, akaisoma mara mbili, akauliza swali la mweka hazina: "Hii inakusanywa tarehe ngapi?" Akapewa kazi palepale. Ana kipaji. Tarehe 28 ya mwezi anaanza kupiga simu, na hamwonei mtu haya. Kumbe alichokuwa anahitaji miaka yote ni cheo na tarehe.

Zamu zenyewe hazikuwa za ajabu. Mjomba ana gereji Majengo. Mdogo wangu anashinda pale siku mbili kwa wiki, anampa spana, anakula naye. Halipwi, na sijapenda hilo, lakini ananuka grisi jioni na analala. Ijumaa anapanda Uru kwa shangazi, anakata majani ya ng'ombe, anashuka Jumapili. Binamu yetu mwenye bajaji ndiye wa usiku: akipigiwa simu anakuja, hata saa nane. Kliniki ni mimi. Mama ana siku mbili na nusu za kwake, na wiki za mwanzo alizitumia zote kulala.

Mambo hayakunyooka. Shangazi mwingine, wa upande wa maombi, alimwambia afunge na aache sindano ili "imani ikamilike". Tukaingiza kwenye muhtasari, kwa maandishi, kwamba maombi ni ruksa siku zote ila dawa haiguswi na mtu yeyote isipokuwa daktari. Pia kuna kanuni ya mazungumzo ambayo nesi wa kliniki alitupa na ambayo wanaume waliiona ya kipuuzi hadi walipoijaribu: akisema redio inamtaja, usibishane naye na usimkubalie. Mwambie, "Mimi sisikii, lakini naona inakutisha." Mjomba, mtu wa kufokea boliti, anaisema sentensi hiyo vizuri kuliko mimi.

Tatizo kubwa zaidi lilitoka kwa mwenye ugonjwa. Kwenye kikao kile hakuitwa. Wazee walikataa, eti mgonjwa hajadiliwi mbele yake. Aliiona nakala mezani kwangu. Akaisoma yote, akaniambia taratibu, "Dada, mmenigawana kama mbuzi."

Sikuwa na jibu, na hadi leo naona alikuwa sahihi. Hapa ndipo kuuguza kijana kunapotofautiana na kuuguza mtoto au mzee. Mtoto unamwamulia. Mzee, wengi humwamulia pia, vibaya au vizuri. Huyu ana miaka 24, ana kitambulisho cha taifa, anapiga kura, na kuna wiki nyingi ambazo akili yake ni nzima kuliko ya baadhi ya wajumbe wa kamati. Kikao kilichofuata alikaa nasi. Alimtoa shangazi wa maombi kwenye ratiba. Alisema kliniki anaingia peke yake chumbani kwa daktari, mimi nikae benchi, na kama daktari ana la kuniambia aniambie yeye akiwepo. Alikataza mtu kushika simu yake. Hilo la simu lilinikaa vibaya, maana simu ndiyo ilikuwa dirisha langu la kuona dalili. Nilikubali.

Naye akatoa kitu ambacho hakuna ambaye angethubutu kumwomba. Akiwa mzima, aliandika kwa mkono wake: nisipolala usiku mbili mfululizo, au nikizima simu na kuificha, nipelekeni hospitali hata nikikataa. Akaandika na la kujiua pia, kwamba likimjia atamwambia binamu wa bajaji, si mama. Nchini kwetu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na matokeo yake familia nyingi hulifunika neno hilo kabisa. Utasikia tu fulani "aliteleza". Sisi tumekubaliana kwamba neno litasemwa kama lilivyo, na likisemwa bajaji inawashwa kuelekea hospitali, si polisi wala kwa mchungaji.

Hatujabuni kitu kipya. Muhimbili na Mbeya kumefanyika mradi wa utafiti ulioitwa KUPAA, ambapo mgonjwa na ndugu yake walikaa pamoja na familia nyingine, wakafundishwa ugonjwa, wakatatua shida zao kwa pamoja. Niliposoma habari zake niliwaonea wivu. Kukaa chumba kimoja na mama mwingine aliyefungua mdomo wa mwanawe kutafuta kidonge! Hapa kwetu tunakutana benchi la kliniki, tunatazamana, tunasalimiana, kila mtu anarudi na siri yake. Mwezi uliopita nilianza kubadilishana namba na mama mmoja wa Kiboriloni. Bintiye ana baipola, na shida zake nyingine sisi hatuzijui: wanaume wanaomsubiri njiani siku ambazo amechangamka kupita kiasi. Kamati ya msichana ingebidi iwe na ajenda nyingine kabisa.

Mdogo wangu aliugua tena msimu wa masika, licha ya sindano. Usingizi ulikata, simu ikafichwa, mjomba akaona kwanza kwa sababu kijana alipanga spana kwa rangi na hakutaka mtu azipangue. Tulimtolea karatasi yake. Aliisoma, akaitukana, akaingia kwenye bajaji. Alilazwa muda mfupi kuliko mara zote zilizotangulia. Siwezi kusema ni kamati iliyofanya hivyo, daktari alibadilisha dawa pia. Ninachoweza kusema ni kwamba katika muda huo steshenari haikufungwa, na mama hakupandisha presha.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo hakuna mchango unaolimaliza. Mama ana miaka 68. Kwa mila yetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba na kihamba cha wazazi, na mdogo wangu ndiye kitinda mimba. Baba mkubwa ameanza kusema kwa upole kwamba kihamba kiandikwe jina la mwanawe "amtunzie". Neno hilo linanitia baridi. Nimeona zaidi ya nyumba moja mlimani ambako mgonjwa aliyetunziwa kihamba chake anaishi kwenye banda nyuma ya nyumba ambayo ni yake, anapelekewa chakula na sahani ya plastiki.

Mama amejibu kwamba ugonjwa haujamwondoa mwanawe kwenye nafasi ya kitinda mimba. Anataka wosia uandikwe kwa mwanasheria na mashahidi wasio wa ukoo, kihamba kiwe cha mdogo wangu, shangazi na mimi tuwe wasimamizi ili kisiuzwe wakati ameugua. Mdogo wangu mwenyewe, alipoulizwa, hakuzungumzia usimamizi hata kidogo. Alisema ile mibuni ya babu imezeeka, anataka kung'oa sehemu ya chini apande parachichi, na anataka kujua miche inauzwa wapi.

Baba mkubwa ameomba jambo la kihamba liwe la mwisho kwenye kikao cha Desemba hii, baada ya chakula. Nakala zimeshatoka kwenye mashine. Ni ajenda namba moja, kabla ya nyama na kabla ya mbege, wakati kila mtu bado ana miwani yake machoni.